Nduwa ya Baba na Kifungu cha Kumi na Moja

Mwika,
Kilimanjaro.
9 Novemba 2002

Mpendwa mdogo wangu Valerian,

Habari za huko Songea? Wifi yangu Violet hajambo? Na Julius, kile kikohozi kimeisha? Sisi huku ni wazima. Mguu wa mama umepona, na ulimi wake kama unavyoujua haujawahi kuugua. Leo asubuhi kagombana na jogoo wa jirani mpaka jogoo kahamia kwa watu wengine.

Mvua zimeanza vizuri na migomba imeshiba.

Sasa kaa chini, usinisomee umesimama. Nina furaha mpaka kalamu haitulii mstarini. Ukiona mwandiko unapanda mlima, usiseme dada amezeeka.

Unakumbuka nilikuandikia mwezi wa nane habari za kampuni ya umeme wa maji. Wanataka kuipanua nduwa yetu, lile bwawa dogo alilochimba marehemu baba pembeni mwa mfereji. Maji yatunzwe humo mchana kutwa, jioni yafunguliwe, yashuke kwa bomba na kuzungusha mtambo, zahanati ipate taa. Nani atakataa jambo zuri kama hilo? Mwaka jana jirani yetu Ester alijifungulia kwenye mwanga wa kibatari, nesi anapapasa tu.

Shida ilikuwa mkataba, maana ulitaka saini ya mwenye nduwa. Baba mdogo Thadeus alikuwa ameshapiga pasi koti. Alisema mimi ni binti niliyeolewa nikarudi, na binti harithi kihamba, shamba la ukoo, kwa hiyo atasaini yeye kama mkubwa wa ukoo. Valerian, sikukuambia yote. Nilikuwa sili, silali. Akisaini yeye, nduwa ni yake kwa miaka ishirini na tano, na kijumba changu na bustani ya mboga viko ukingoni pale pale. Ningekwenda wapi kwa umri huu? Ndiyo maana nikakuomba karatasi ya kuniruhusu nisaini kwa niaba yako, kwa kuwa baba alikuachia wewe.

Basi, Jumamosi iliyopita tukakutana uwanja wa zahanati. Kampuni ilimleta wakili kutoka Moshi mjini, kijana anaitwa Damian, tai shingoni, viatu vinang'aa. Akasoma mkataba kifungu kwa kifungu. Cha nne kikasema maji yote yatakayohifadhiwa bwawani ni mali ya kampuni. Weee! Kina mama waliguna hao! Nikasimama nikamuuliza, na kiangazi migomba tuinyweshe mate? Akajikuna kichwa, akafuta, akaandika kwamba Jumatano na Jumamosi maji ni ya mashamba, na ukame ukija mashamba yanatangulia.

Halafu mzee Basili, ambaye bado ndiye mkuu wa mfereji, akasema kuna kifungu kimekosekana. Anayeomba maji kwa mwenyewe huleta debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Siku ya msaragambo, kazi ya wote ya kuzibua mfereji, huja na jembe, na asipokuja anatozwa debe la pili.

"Andika na hilo, wakili."

Damian akacheka akidhani ni utani. Mzee hakucheka. Kimeandikwa, kifungu cha kumi na moja, na kitapigwa mhuri kama vingine!

Ikafika zamu ya mwenye nduwa. Baba mdogo akasimama na koti lake, akakohoa. Mzee Basili akamwomba kwa heshima zote ataje mara ya mwisho alipokuja msaragambo. Baba mdogo akaanza kukumbuka, akaishia kukung'uta vumbi kwenye koti.

"Tangu anunue koti hilo sijamwona mferejini," mzee akasema, "na koti lenyewe limeshachakaa."

Jamani, tulicheka! Hata yeye alicheka. Si mtu mbaya, anapenda ukubwa tu.

Lakini Damian akasema sheria haiangalii jembe, inataka neno la mrithi. Nikampa bahasha yako. Niliipokea asubuhi ile ile kwa kondakta wa basi pale Himo, nikaogopa kuifungua. Akasoma kimya, akanitazama, akasoma kwa sauti. Mimi nangoja kusikia "kwa niaba yangu". Nikasikia kwamba nduwa na ardhi inayoizunguka umempa dada yako Salvina, kwa hiari yako, kwa kuwa yeye ndiye aliyeizibua tangu baba afariki, na wewe hujawahi kutia jembe pale.

Wewe Valerian wewe! Miaka yote unaniandikia barua za mistari sita, kumbe moyo wote huo umeuficha wapi? Nimelia mbele ya wakili bila aibu. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Na kalamu niliyosainia ni ya baba mdogo, alikuja nayo mfukoni, akanipa mwenyewe. Nimeandika jina langu peke yake.

Jana ilikuwa msaragambo, na kampuni imemleta nani? Damian! Kiatu kimoja bado kimo kwenye tope, tunakitafuta. Ukuta unaanza kujengwa Januari.

Wasalimie wifi Violet na watoto, Julius na Dainess. Baba mdogo anakusalimia, na anauliza kama Songea kuna makoti mazuri. Mama anasema Mungu akuongezee pale ulipopunguza kwa ajili yangu, nami naitikia amina.

Krismasi lazima mje wote. Ila ukifika usiteremke nduwani kuchota maji hivi hivi kama zamani. Maji yana mwenyewe. Utabisha hodi kwangu na debe lako la mbege kama watu wengine, na mimi nitalipokea kwa mikono miwili.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kuliko ninavyoweza kuandika,

Salvina,
mwenye nduwa.