Kisanduku cha Msemaji

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Assalaam alaykum. Goti linaendeleaje? Ule ugomvi wako na ngazi za huko umekwisha, au bado unazitukana? Sisi ni wazima wa afya, ila nyumba imepoa na mimi sina raha hata kidogo.

Unaijua tasnifu yangu: jinsi Kurani inavyozungumza na anayeisikiliza, nani anayeitwa pale inaposema "Enyi watu", na kwa nini aya moja humtisha huyu ikamliwaza yule. Baba, mwalimu wa madrasa tangu sijazaliwa, alikuwa akinisifu kwa majirani mpaka naona haya.

Wiki iliyopita aliingia chumbani kwangu kuazima mkasi, akauona mchoro ukutani. Kisanduku cha Msemaji, mshale, kisanduku cha Msikilizaji. Ukubwa mmoja, Shangazi. Nilivichora kwa rula.

"Mungu umemtia kwenye kisanduku?" akauliza. "Tena saizi yetu?"

Nami, kwa mdomo huu, nikajibu kwamba nadharia ndivyo ilivyo, hata redio huchorwa hivyo hivyo. Tangu hapo hasemi nami. Hata chumvi anaiomba kupitia kwa mama. Msomi mzima wa mawasiliano, nashindwa kuongea na mtu ninayekula naye meza moja!

Nilikifuta kile kisanduku cha Msemaji, nikaacha mshale ukishuka kutoka ukingo wa juu wa karatasi. Msimamizi wangu akasema mshale usio na mwanzo hautetewi. Alhamisi nasimama mbele ya jopo kuitetea tasnifu, na familia zimealikwa. Baba hajasema kama atakuja. Naogopa asije, na naogopa zaidi kwamba huenda ana haki.

Jana magharibi alituswalisha kama kawaida. Alipomaliza Alhamdu, nilikuwa nalia, nikashindwa kuitikia. Mama akasema "Amin" peke yake. Baba hakuendelea. Alisimama kimya, ametupa mgongo, akangoja. Nilipoitikia nami ndipo akaendelea kusoma.

Kwa hiyo ananisikia. Mpigie simu kabla ya Alhamisi, tafadhali. Hamwogopi mtu ila wewe, dada yake mkubwa. Mchoro usiutetee. Mwambie tu nimemwekea kiti.

Msalimie mumeo, fundi saa wetu, na wale mapacha. Mungu akulinde, na utakapompigia akulainishie ulimi.

Mwanao akupendaye,
Kasuku