Picha Niliyofungia Mandazi

Furaha mtoto wangu,

Ni mama. Herufi zangu unazijua, zinapanda mlima, ulikuwa unazicheka. Jumapili tunaondoa matanga yako hapa Durban, na mchungaji amesema kila mtu wa nyumbani aandike neno la kukuaga, lisomwe mbele ya kanisa. Nimekaa kwenye meza yetu, ghorofa ya tisa, Albert Park, lifti imekufa tena. Nataka nikuambie nilivyofika kwako Italia, kwenye ile nyumba ya picha. Na nataka watu wasikie kosa langu, maana miaka yote hii tulilijua mimi na wewe tu.

Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Nilikuwa nauza mandazi Clairwood, kwenye geti la malori. Asubuhi ile gazeti la kufungia likaisha. Nikaona chini ya kitanda chako iko rundo la karatasi, nikasema, huyu na makaratasi yake ya shule ya mwaka jana. Nikabeba zote. Sikugeuza hata moja kuangalia upande wa pili. Ulipoamka ukakuta patupu, ukapanda teksi peke yako, kitu nilichokukataza, ukanifikia mguu mmoja na kiatu cha shule, mwingine na ndala.

"Mama, umefungia mandazi picha zangu!"

Na mimi nikakujibu nini? Nikakujibu mbele ya wateja, "Picha zinashibisha nani? Mandazi ndiyo yanakulisha." Madereva wakacheka. Mmoja akasema, "Eish, Mama Furaha, mimi nimeshakula simba mzima, na mkia wake." Wewe hukucheka. Ulimkimbilia mzee mmoja aliyekuwa anapanda lori, ukamwomba karatasi yake. Yule mzee akameza andazi haraka haraka, akakupa. Ukaikunja, ukaiweka kifuani. Hukunionyesha ilikuwa na nini.

Siku tatu hukusema na mimi. Sikukuomba msamaha. Mama wa kwetu anamwomba mtoto msamaha namna gani? Nilikupikia sombe, majani ya muhogo, na samaki, nikakuwekea kichwa, wewe uliyekipenda kichwa. Nikadhani umeelewa. Ulikula, ukaosha sahani, hatukuongea tena habari hiyo mpaka umekwenda Italia kwenye shule yako ya kuchora, mpaka umekufa.

Simu zangu unazikumbuka. Umekula? Umevaa nguo nzito? Mlango umefunga? Mwishowe ulikuwa unajibu kabla sijauliza: "Mama, nimekula, nimevaa, mlango nimefunga. Sasa nisalimie kama watu." Hata mwezi ule wa mwisho ulijibu hivyo hivyo. Kumbe ulikuwa unanijibu kutoka kitanda cha hospitali. Zawadi, rafiki yako Mtanzania, ameniambia ulimkataza: "Usimwambie mama, atatangulia kufa yeye." Mtoto wangu. Uoga wangu ndio ulikufunga mdomo. Hilo nalo nalibeba.

Wakakuzika bila mimi, kwa sababu makaratasi yangu ya safari yalikuwa bado. Yalipotoka, kanisa likachanga tiketi, nikaenda. Zawadi akanipokea, tukaanza kaburini. Kesho yake akanipeleka kwenye jumba la sanaa la jimbo lile, karibu na bahari, kwa sababu walikuwa wametundika kazi ya wanafunzi wa shule yenu.

Niliogopa, Furaha. Sakafu inang'aa, nikamuuliza Zawadi kama tunavua viatu. Vyumba vya kwanza vyote ni picha za zamani, Bikira Maria ameshika mtoto wake, na mwingine ameshika mtoto wake, na mwingine tena. Nilipita haraka.

Kwenye chumba cha mwisho, nyuma ya kioo, iko karatasi ndogo yenye mikunjo minne. Nilijua mafuta yangu kabla sijajua uso wangu. Doa lile, la mviringo, ndivyo andazi linavyoacha. Halafu nikaona ni mimi, nimesinzia mezani, unga mpaka kwenye viwiko, kitambaa cha kichwa kimeteleza. Umenichora na lile kovu la kidevuni. Sikujua kama kuna mtu alikuwa ananiangalia nikilala.

Pembeni iko kikaratasi cha maandishi. Nikamwambia Zawadi asome.

"Kwanza jina la aliyechora, Furaha," akasema. "Halafu inaitwa Mama. Halafu wanaandika kitu kilichotumika kuchora." Akainamia tena kile kikaratasi.

"Soma, binti."

"Penseli na mafuta ya mandazi."

"Nani aliandika hivyo?"

"Yeye mwenyewe, mama. Aliwaambia waandike vyote viwili."

Nikavua viatu. Nikakaza kikwembe changu kiunoni, nikakaa chini sakafuni, miguu nimenyoosha, kama ningekaa siku ya maziko yako. Nikalia kwa sauti. Mlinzi akaja, mama mtu mzima mwenye funguo kiunoni, akanionyesha benchi. Zawadi akamweleza kwamba kwetu mwenye msiba hakai kwenye kiti. Yule mama akaniangalia, akaangalia picha, akaniangalia tena. Akaenda akasimama mlangoni, na kila aliyekuja akamwonyesha apite upande mwingine.

Baadaye akaja mkubwa wa nyumba ile. Akasema picha ni haki yangu, wataifunga vizuri nirudi nayo Durban. Nilinyoosha mikono, Furaha. Nilitaka kuliko nilivyotaka hewa. Halafu nikakumbuka kwamba karatasi hii nilishawahi kuichukua bila kukuuliza. Sasa nimuulize nani? Na nikafikiri kule makaburini ulikolala, hakuna hata mtu mmoja wa kwetu jirani yako.

Nikasema, "Waambie ibaki."

"Mama, una hakika?"

"Sina. Waambie haraka."

Nimerudi mikono mitupu. Wamama wa kanisa wananiuliza nimeleta nini cha mtoto cha kuweka kwenye mkeka wa matanga Jumapili, nami sina cha kuwaonyesha. Asubuhi nikikunja gazeti la kufungia, nageuza kila ukurasa pande zote mbili. Mpaka foleni inanung'unika. Nageuza tu.

Kwenye mkeka nitaweka sahani ya sombe, na kichwa cha samaki juu. Lakini safari hii sahani haitasema peke yake. Nasema mimi, mbele ya watu: Furaha, nilikosa. Picha zako zilikuwa kazi, na mimi nilikufanya uchekwe mbele ya watu. Nisamehe. Kama yale mafuta uliyataja kwa kunisamehe, au kwa kunikumbusha, sitajua, na nitaishi hivyo hivyo.

Lala, binti yangu, mama yangu mdogo. Leo nakujibu kabla hujauliza. Nimekula, kidogo. Nimevaa ile sweta yako uliyoiacha hapa. Mlango ndio sijafunga.

Ni mimi mama yako,
yule aliyebaki na wewe kule ukutani.