Nimelewa na Sijaonja Tone

Mpendwa mshauri Bi Nanjala, niokoe kabla Jumamosi haijafika, kwa maana naitwa mlevi na mimi pombe sijaionja tangu nizaliwe. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, kwetu ni Lumakanda, na kazi yangu ni kumhudumia mzee mmoja hapa Shianda, Mzee Ishaq, aliyepata kiharusi mwaka jana na mguu wake wa kushoto hausikii kitu hata ukiufinya, namwogesha, namgeuza, namlisha, na niseme ukweli naipenda kazi hii kwa sababu mzee ni mcheshi na ananiita mwanangu ingawa yeye ni wa msikiti na mimi wa kanisa, na Jumapili nikimpikia ingokho, kuku wa kwetu, anasema ni marehemu mkewe pekee aliyenishinda, tena kidogo tu.

Sasa Julai hii baridi imetuzidi, na mzee lazima atawadhe alfajiri kwa maji ya uvuguvugu, kwa hivyo naingiza jiko la makaa chumbani tunamolala, yeye kitandani na mimi godoroni chini, nateleka sufuria, na baada ya sala mzee hataki nilitoe, anasema libaki. Usidhani mimi ni mjinga, naliwasha kwanza nje hadi makaa yawe mekundu na moshi uishe kabisa, ndipo naliingiza, kisha naziba chini ya mlango kwa gunia ili upepo usimpige mzee. Binti yake, Dada Sumaiya, yuko Nairobi na hupiga simu ya video kila siku saa moja asubuhi, na siku hizi ananikuta macho mazito, ulimi unajikwaa, juzi nilimwambia nimefunga uji na mzee amekunywa mlango. Akauliza, "Wekesa, umelewa? Kwa nyumba ya baba yangu?" Nikaapa, "Dada, mimi sinywangi!" Hakuniamini.

Kichwa kinanigonga kila asubuhi, mzee naye kinamuuma na jana alitapika chai, tukameza dawa za malaria bila kupimwa. La ajabu ni kwamba wiki iliyopita mvua ya mawe ilivunja kioo cha dirisha, tukatetemeka siku tatu kama kuku walionyeshewa, lakini vichwa vikapona, nikamshukuru Mungu, nikaziba dirisha kwa gazeti (ni hili lenu, unisamehe), kesho yake vikarudi. Jumamosi Dada anakuja na mtu wa kuchukua nafasi yangu. Nimwambie nini aamini kwamba mimi si mlevi?

Wekesa, Shianda

Wekesa, Dada Sumaiya hakukusingizia. Umelewa. Mzee naye amelewa, na aliyewalewesha ni hilo jiko.

Nani alikudanganya kwamba moshi ukiisha hatari imeisha? Makaa mekundu hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba kikizibwa inajaa humo nanyi mnaivuta. Huanza na kichwa, kichefuchefu, ulimi mzito, usingizi, kisha mtu haamki. Mvua ya mawe ikaja kuwafungulia dirisha, ukamshukuru Mungu, halafu ukaliziba! Tena kwa gazeti langu! Gazeti ni la kusoma, ndugu yangu.

Barua yako niliogopa kuiacha ingoje zamu yake. Nilipiga namba uliyoandika siku ile ile, na kwa kuwa ulikuwa umeenda kuchota maji, akapokea Mzee Ishaq mwenyewe. Nilipomweleza akasema, "Mama, huyo kijana hanywangi. Ni mimi nasemanga jiko ibaki. Mimi niko na blanketi tatu, yeye analala chini kwa simiti. Niliogopa baridi itamuua."

Umesikia? Wewe unaziba mlango kwa ajili yake, yeye anakataza jiko lisitoke kwa ajili yako. Mngekufa mkihurumiana. Nilikuwa nimejiandaa kukukaripia zaidi, nikashindwa.

Sasa fanya kama nilivyomwagiza mzee akuambie. Jiko lisiingie chumbani tena, hata kwa dakika tano, hata mzee akikuapia. Maji yachemshie jikoni, mlango wazi, uyaweke kwenye themosi, alfajiri uchanganye na ya baridi kwenye karai. Toa hilo gunia, na dirisha liachie nafasi ya kiganja. Mzee mvike soksi, sweta na kofia ya sufu hata akiwa kitandani. Ukimwekea chupa ya maji moto, izungushie taulo na uiweke upande wa mguu mzima. Ule wa kushoto ungeungua naye asijue. Na kama bado hamjaenda, leo, si kesho, nendeni hospitali wote wawili, umwambie daktari habari ya jiko kabla hajataja malaria. Siku nyingine vichwa vikiwauma pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Kwa Dada, usijitetee. Mweleze kila kitu, pamoja na gunia. Mzee ameniahidi kuzungumza naye, na kuhusu huyo mtu wa Jumamosi alisema, "Apewe chai, arudi kwao."

Nawe Dada Sumaiya, ukisoma haya, shukuru kwamba uliuliza maswali. Lakini Jumamosi usije na mtu. Njoo na kitanda.