Niliomba Maua Yanyooshwe

Mpendwa mshauri, nitegee sikio, maana nina jambo ambalo sijamwambia mtu kwa miaka arobaini na moja, na sasa limenigombanisha na mtoto pekee wa marehemu mdogo wangu, na sijui nilirekebishe vipi.

Mdogo wangu wa kike, Hamro, alifariki mwezi wa kumi na moja, wiki ile watu wanapofukia mizabibu kabla ya baridi. Nilimuuguza mwenyewe. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na mkasi wake bado uko kwenye kopo langu la vifungo, siwezi kukata nao chochote lakini siutoi.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nimeshachumbiwa, mama alianza suzani yangu, kile kitambaa kikubwa cha maua ya kutarizi kinachotundikwa chumba cha bibi harusi. Vipande vinne vyembamba vya pamba vikapigwa bandi pamoja, bibi mchoraji wa mtaa akaja na wino wake akachora maua juu yake, halafu mama akavifumua, viwili akachukua yeye, kimoja mimi, kimoja Hamro, kila mtu atarizi chake mpaka siku ya kuviunganisha tena. Kati ya kipande changu na cha Hamro palikuwa na ua moja kubwa, nusu kwangu, nusu kwake. Tulikaa uani majira yote ya joto, Hamro akiimba nyimbo za redioni na kukosea maneno makusudi ili nicheke, na chini ya nusu yake ya ua akatarizi pilipili moja ndogo ambayo bibi hakuichora, akasema, "Dada, hii ya kufukuza jicho baya, la mama mkwe wako."

Siku moja nikiwa peke yangu, mama yuko msibani na Hamro amekwenda kwa jirani, nikamwaga birika la chai juu ya kipande changu. Nikakisuuza haraka, doa likapungua, lakini wino wa nusu yangu ya ua nao ukaondoka. Niliogopa, nikachukua kijiti cha mkaa nikachora upya kwa kukumbuka, kisha nikatarizi juu yake. Mama alipounganisha vipande, ua halikukutana, nusu moja juu, nyingine chini kwa vidole viwili.

"Nani ametoka nje ya mstari?" mama akauliza.

Nikajibu kabla Hamro hajafungua mdomo, "Si huyo, na mkono wake wa kushoto!"

"Nilijua! Wewe mtoto unatarizi kama unafunga mbuzi!"

Watu wote wakacheka, na Hamro akacheka nao. Basi ikawa utani wa familia, kila mgeni akiingia anaonyeshwa, "Hapa ndipo Hamro alipopitiwa na usingizi." Hata siku ya harusi yake mwenyewe utani ule ulitolewa.

Miaka michache iliyopita paa langu lilipovuja niliikabidhi suzani kwa makumbusho madogo ya mji wetu. Waliitunza vizuri, lakini hariri haipendi mwanga, kwa hiyo inakaa sandukuni gizani na kutolewa wiki moja kwa mwaka, tena ghorofani, na magoti ya watu wa umri wetu unayajua. Majira ya baridi haya wamepata kamera nzuri, wanapiga picha kila kitu na kuziweka kwenye tovuti, ili aliye mbali au asiyeweza ngazi naye aone, na chini ya kila picha wanaweka sauti ya wenye kitu wakikieleza. Mavjuda, mama anayesimamia kazi hiyo, alinionyesha suzani yetu kwenye kompyuta. Akaikuza mpaka nikaona mishono ya Hamro inavyolalia upande wake, kinyume na yangu, kama nyasi zilizopigwa na upepo mwingine. Na nikaliona lile ua.

Nikasema, "Mavjuda, mwanangu, dunia nzima itaona kosa hili? Huwezi kulinyoosha? Marehemu asichekwe."

Akasita. "Mama Oyniso, sisi huwa hatugusi."

"Nifanyie mimi. Nimefiwa."

Akanifanyia. Nusu yangu akaiacha palepale, nusu ya Hamro ndiyo akaisogeza, na pale palipobaki wazi akabandika jani alilonakili kutoka kwangu. Nikamshukuru, nikaenda nyumbani nikalala vizuri, Mungu anisamehe.

Zebiniso, binti yake Hamro, anafanya kazi mbali, mji wa Novosibirsk, kwenye kiwanda cha mikate, na hakuwahi maziko kwa sababu ndege zilizuiwa na theluji. Mavjuda alimtumia ukurasa aujaribu kabla haujafunguliwa kwa watu wote. Akanipigia simu.

"Mama mkubwa, pilipili ya mama iko wapi?"

"Pilipili gani, mwanangu?"

"Usinifanye mtoto. Nimekuza picha mara ishirini. Ua limenyooka, pilipili hakuna, na jani lililopo ni mshono wako. Sikumzika mama. Nilibaki na hii tu ya kumtazama, na hata hapa mmemfuta!"

Akakata. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Mavjuda anasema picha ya kweli anayo, kuirudisha ni kazi ya dakika kumi, lakini ukurasa unafunguliwa siku ya Navruzi, mwaka mpya wetu baridi inapokwisha, na anataka nirekodi sauti nieleze kwa nini ua halikutani, maana kila mtu atauliza. Nikiacha ilivyo, nimempoteza Zebiniso. Ikirudi nami nikanyamaza, watu watasema tena ni mkono wa Hamro. Nikisema, wanangu, wakwe zangu na mtaa mzima watasikia kwamba nilimsingizia mdogo wangu mpaka akaingia kaburini.

Na kuna hili, mshauri. Siku tatu kabla hajafa nilikuwa namlisha maziwa ya mgando kwa kijiko, akanitazama akauliza taratibu, "Dada, ile chai ilitoka?" Kumbe alijua, muda wote alijua. Nami nikasema, "Chai gani?" Akatabasamu, akafungua mdomo apewe kijiko kingine.

Nifanye nini?

Oyniso, mshona suzani

*

Dada Oyniso,

Pole. Pole kwa msiba, na pole kwa kijiko kile, maana naona ndicho kinachokunyima usingizi kuliko ua. Sasa nivumilie nikukaripie kidogo, umri unaniruhusu.

Ulimwambia Mavjuda unamstahi marehemu. Si kweli, na wewe unajua si kweli. Kosa lilikuwa lako, likaachwa mahali pake, na kazi safi ya mwenzako ndiyo iliyosogezwa ili ifanane na kosa lako. Ulifanya hivyo kwa mdomo ukiwa msichana mwenye hofu, na hilo nakusamehe, nani hakumwogopa mama yake? Lakini safari hii umelifanya kwa kompyuta ukiwa bibi mtu mzima, na ukatumia msiba kumlainisha mfanyakazi aliyekuwa anakataa. Hapo sikusamehe upesi.

Halafu hiyo aibu ya ua lisilokutana umeitoa wapi? Mimi nimelala chini ya suzani ya bibi yangu utoto mzima, maua yake hayakukutana hata moja. Ndivyo tunavyojua ilipita mikononi mwa watu, huyu alikuwa na haraka, yule alikuwa na mimba changa. Ile ambayo kila petali imekaa sawasawa, tunaigeuza nyuma kutafuta chapa ya kiwanda. Makumbusho yanahangaika na kamera zake ili mtu aliyeko mbali aione suzani kama angekuwa ameishika. Ukimpa iliyonyooshwa, umempa kitu ambacho hakijawahi kuwepo, na yeye hana namna ya kujua. Zebiniso alijua kwa sababu alilelewa na ile pilipili. Wengine watamwamini Mavjuda, kwa hiyo umeliweka rehani jina la Mavjuda pia.

Fanya hivi. Kabla ya makumbusho, zungumza na Zebiniso. Usimtumie ujumbe wa maandishi, na usimtume mwanao akusemee. Hapokei simu? Rekodi sauti yako umtumie, na neno la kwanza liwe chai, si hali ya hewa wala magoti. Mwambie uliimwaga wewe, ulichora wewe, ulisema uongo wewe. Asilisikie kwenye tovuti pamoja na watu wa mtaani.

Kisha nenda kwa Mavjuda wiki hii, usingoje Navruzi. Mwombe radhi, halafu mwambie arudishe picha ya kweli, na aandike wazi kipande kipi ni cha nani, jina la Hamro likae chini ya kipande cha Hamro. Mwambie pia picha ikuzike mpaka mtu aone mishono inalalia wapi. Ukirekodi, usihutubie. Ongea kama ulivyoniandikia, wimbo uliokosewa maneno makusudi na mbuzi wa mama yako vyote viwemo. Wapo watakaofungua ukurasa ule na macho yao hayaoni, kwao sauti yako ndiyo suzani yenyewe. Sauti ikikatika, Mavjuda aiache hivyo hivyo. Na Zebiniso akikubali, naye aeleze pilipili kwa simu kutoka huko huko aliko, maana ni yake kuieleza kuliko wewe.

Mtaa utasema. Useme. Utasema mpaka harusi ya kwanza ya majira ya joto, kisha utapata la kusema lingine. Hamro alisemwa miaka arobaini na moja na hakukutaja hata siku moja. Unafikiri alikuuliza lile swali ili ukiri? Alikuwa anaondoka, akakumbuka majira yale ya joto, na wewe ndiye mtu pekee aliyebaki wa kuyakumbuka naye. Ulimjibu vibaya, basi, tumekubali. Huwezi kumjibu tena.

Binti yake unaweza kumjibu. Akikutukana, nyamaza umalize kusikiliza. Akikaa kimya siku tatu, mtumie tena siku ya nne. Na siku atakayokuuliza mama yake alikula nini mwisho, alilala upande gani, alisema nini, mweleze kila kitu taratibu, hata pale panapokuumbua, kwa sababu yeye hakuwepo na wewe ulikuwepo.