Breki Zilishika Kainuk

Lodwar, 9 Agosti 1976

Kwa Wahu, huko Kitale,

Huku joto halijapungua. Juzi niliifungia trela ya mgeni mmoja breki za umeme. Ina vitanda viwili ndani. Kujaribu breki hizo kunataka watu wawili, mmoja ashikilie swichi garini, mwingine asikilize magurudumu. Zamani ulikuwa ukinishikia wewe. Safari hii niliifunga swichi kwa leso uliyoacha, nikakimbia nyuma kusikiliza.

Kisha nikaivuta mpaka Kainuk, kwenye njia ya Kitale, nikitamani breki zikatae, nifike huko kwenu. Zilishika, nikageuza.

Longor, dereva wa lori, anasema umejifungua msichana. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Nakuuliza hilo tu, Wahu. Umemwita nani?

Mumeo,
Mureithi