Wameondoka kwa Hiari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zikufikie hapo ulipo, wewe, wifi yangu na watoto, nikitumaini kwamba nyote mmeamka salama. Mimi huku sijambo, ila baridi inanibana kifua, na sikio la kushoto limeanza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Kuhusu koo lako sina haja ya kuuliza. Najua ni zima.

Siku zote umekuwa ukiuliza kazi yangu ni ipi hasa, nami nikikujibu kwamba natafsiri makaratasi. Kweli natafsiri, ila si makaratasi. Natafsiri redio. Tuliapishwa tusimwambie mtu, hata ndugu. Leo kiapo hicho hakinibani tena, na sababu utaisoma mbele.

Ofisi yetu iko ndani ya jengo lisilo na kibao mlangoni. Kila mmoja ana kibanda chake cha vioo, na hedifoni, na kikanyagio mguuni cha kurudisha nyuma maneno yaliyompita. Huyu anasikiliza nchi ile, yule nchi nyingine. Tunaandika wanayosema wakubwa wa huko, tunayageuza kwa lugha ya hapa, kisha yanapelekwa ghorofa ya juu kwa watu ambao sijawahi kuwaona. Nadhani hawayasomi. Wanapenda tu kujua kwamba yapo.

Jirani yangu wa kibanda ni mzee mmoja tunayemwita Balozi kwa sababu ya tai zake. Zamani alimwandikia rais wa kwao hotuba, hadi walipomfukuza. Sasa analipwa kuwasikiliza waliorithi kalamu yake. Humsikii akikasirikia uongo wao hata siku moja. Kinachomkera ni sarufi. Sentensi ikipinda anagonga meza na kuapa kwamba huyu angekuwa mwanafunzi wake angemchapa viboko.

Mkuu wetu ni mwenyeji wa hapa. Sisi tunamwita Bwana Muktadha, kwa kuwa hakuna karatasi isiyomrudia mtu ikiwa imeandikwa pembeni, "Muktadha uko wapi?" Alisoma lugha yetu chuoni, na hilo lamtosha kunisahihisha mimi niliyenyonyeshwa nayo. Siku moja mtangazaji wa mpira alisema mshambuliaji amefyatua kombora likatua wavuni. Mkuu akaitisha kikao cha dharura. Ramani zikatandazwa mezani, wanaume wenye shahada wakaulizana kombora limetoka upande gani. Nilipowaeleza kwamba ni goli, hakucheka mtu. Aliniuliza nina hakika kiasi gani.

Sasa tuje kwako. Kibanda changu mimi ni cha nchi ya nyumbani. Nasikiliza redio yenu, kuanzia taarifa ya asubuhi. Kwa hiyo, mdogo wangu, kwa miaka yote hii nimekuwa nikikusikiliza wewe.

Mwanzoni ilikuwa raha. Nilikuwa nakanyaga kile kikanyagio bila sababu ya kazi, nirudishe tu unavyosema, "Hamjambo wasikilizaji." Lakini nikaanza kuitambua ile sauti yako ya asali, ile uliyoitumia utotoni ulipovunja kioo ukasema ni upepo. Waziri akitazama mtaro, kwako ameuzindua. Mtaro ukibomoka, kwako umeboreshwa. Nilikuonea haya, kisha nikazoea. Nilijisemea kazi ni kazi, naye ana watoto wa kulisha.

Ndipo ikaja ile asubuhi uliyosoma kwamba wakazi wa mtaa wa nyuma ya soko wameondoka kwa hiari na kwa furaha, kupisha barabara mpya. Mtaa wetu! Nilirudisha nyuma nikasikiliza, nikarudisha tena. Sikuwa natafuta maneno. Nilitafuta kikwazo, pumzi iliyokatika, mate yaliyomezwa. Hakukuwa na kitu. Ulilivuka jina la mtaa wetu kama mpangaji anayevuka kizingiti cha nyumba aliyokwisha kuihama.

Nikatoka kibandani nikampigia mama. Simu ilipokelewa na yule jirani fundi cherehani wa ng'ambo ya soko, akaniambia nisubiri, mama anaanika shuka. Mama alipokuja alisalimia kwanza, akauliza kama nakula vizuri. Ndipo akaniambia kwamba tingatinga lilifika kabati likiwa bado ndani. Ukuta wa chumba alichofia baba ndio ulioanguka wa kwanza. Yeye askari walimshika mkono wakamtoa, na sasa godoro lake liko uani kwa fundi, chini ya turubai.

Nikamuuliza habari zako. Akasema, "Mdogo wako hajui. Angejua, angekuja. Usimsumbue, ana kazi ya watu." Redio yake ilibaki chini ya ukuta, kwa hiyo hakukusikia. Nikamuaga, nikakata simu.

Nikaenda kwa Bwana Muktadha, nikamwambia habari hii ni ya uongo, naomba niandike hivyo chini ya tafsiri. Akaniuliza, "Redio imesema ni uongo?" Nikajibu kwamba aliyeniambia ni mama yangu mzazi, aliyetolewa kwa kuvutwa mkono. Akanipa pole, akanimiminia kahawa kwa mikono yake, kisha akasema, "Lakini mama yako si chombo cha habari." Juu ya karatasi akaandika: hali ni tulivu.

Basi nikarudi kibandani, na kwa vidole vyangu hivi nikaandika kwamba wameondoka kwa hiari. Wewe ulisema, mimi nikatafsiri, yeye akatia sahihi. Tangu siku hiyo nawadharau watu watatu, na mmoja wao namwona kila ninapochana nywele.

Ningeishia hapo, maana dharau ni kitu cha kuzoeleka kama viatu vya kazini. Lakini juzi Bwana Muktadha aliniita, uso umemng'aa. Akasema wamepata mtu wa kuongeza kwenye lugha yetu, mtangazaji mwenye uzoefu, ambaye dhamiri haimruhusu tena kusoma uongo. Amejirekodi akieleza kisa chake. Mkuu alitaka nimsikilize nitoe maoni.

Akabonyeza. Ulikuwa wewe.

Ulisema kwamba ulilazimishwa kusoma habari ya mtaa uliobomolewa. Ulisema tangu hapo hupati usingizi. Ulisema umekwenda kupeleleza mwenyewe, ukaona kwa macho yako, ukiwa umesimama upande wa pili wa barabara, bibi kizee mmoja anayelala kwenye godoro uani kwa fundi cherehani. Sauti ikakatika, ukameza mate. Kumbe unaweza!

Hukusema kwamba bibi huyo ni mama yako. Labda uliona hilo lingeharibu hadithi, maana wangekuuliza mbona hukuvuka barabara.

Bwana Muktadha alivua miwani akaifuta. Akaniuliza, "Unamfahamu? Atatufaa?" Nikamwambia, "Mchukueni. Hamtapata anayefaa kumzidi." Na hapo hapo nikamwambia naacha kazi. Alinishangaa, akataka kujua muktadha. Nikamwambia hakuna.

Kwa hiyo pokea hongera zangu. Kibanda utakachopewa ni changu. Dirisha lake halifunguki, na Balozi atakupenda, kwa kuwa sarufi yako haina doa. Mimi narudi nyumbani wiki hii. Nimeshampa fundi kazi ya kunitafutia vyumba viwili, mama alale ndani.

Mama bado anaamini hujui. Sijamwambia, na kinywa changu hakitamwambia. Ila huwezi kusafiri bila kumuaga aliyekuzaa. Safari hii vuka barabara, uingie uani, ukae chini, useme. Nitakuwa pale kando yake nikikusikiliza, na hakutakuwa na cha kurudisha nyuma.

Wifi mpe salamu zangu, mwambie simlaumu kwa lolote. Watoto wakumbatie kwa niaba ya shangazi yao, waambie nakuja.

Ni mimi dada yako, wa tumbo moja nawe.