Reginald, Vioo Vyako Vimeoshwa

Mwaka umetimia, Baba Agatha, tangu Machi ile ya 1994 basi lilipoharibika Nanganga, ukashuka na begi lako, ukaanguka, hukuamka tena. Bado hatujatulia. Kila basi likisimama hapa Chilangala, mimi mkeo natoka nje kuangalia.

Ulikuwa unatafuta protini ndogo zinazopeleka ujumbe ndani ya kimelea cha malaria ili kikue na kugawanyika. "Mama Agatha," uliniambia, "mdudu hakui kwa kupenda kwake. Kuna anayemwambia. Nikimziba huyo mdomo, mdudu atadumaa."

Tangu biashara iwe huria na maduka yajae, ulimaliza mishumaa ya dukani kwa Rajabu. Uliiwasha ndani ya mtungi wa kuoteshea vimelea ili ipunguze oksijeni, maana vimelea hukua vizuri ikiwa kidogo. Rajabu akauliza kama unataka upadri na mimi bado niko hai. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Katika begi lile mlikuwa na vioo arobaini vya hadubini vilivyopakwa damu, ushahidi kwamba vimelea ulivyovizuilia ujumbe vilidumaa kweli. Ulikuwa unampelekea mwalimu wako Dar es Salaam.

Siku ya kuanua tanga, mama yako, Bibi Dorika, aliosha vitu vyako vyote kabla havijagawiwa, kama ilivyo desturi. Mashati, viatu, na vile vioo. Aliona damu ya watu, akaisugua kwa sabuni na maji aliyopanda nayo mwenyewe kutoka bondeni. Vikang'aa. Agatha alipoviona alilia kuliko siku ya mazishi. Tukampelekea mwalimu daftari lako. Akajibu kwamba hesabu peke yake haitoshi, kazi ianze upya.

Bibi aliacha kula mezani na sisi. Tulimbembeleza, wapi.

Mwezi uliopita alishikwa na homa. Agatha, ambaye sasa ana kazi katika maabara yako, alimletea vidonge. Bibi akavisukuma pembeni, akanyoosha kidole.

"Nitoe damu kwanza, mjukuu wangu. Weka kwenye vioo vya baba yako. Hivi sitaviosha."

Vimelea vyake viko mtungini. Mshumaa ametoa Rajabu.

Unakumbukwa na mkeo Yuliana, binti yako Agatha, kaka yako Kasiani wa Tandahimba, na mama yako Dorika, ambaye amepona na kila siku anauliza kama wadudu wake wamedumaa.

Siku zetu zote tutakukumbuka.